Malisho Huchunguzwa Kiangazi

Hasira yangu ilianza na chungwa. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi Buffalo, alitutumia video kwenye kundi la simu la familia siku ambayo hapa Louisville mlango wetu wa nyuma uligoma kufunguka, barafu ikiwa imeukamata kwa chini. Ndani ya video alikuwa amesimama kwenye ua wa mtu, shati la mikono mifupi, na juu ya kichwa chake matawi yameinama kwa machungwa. Alichuma moja, akalimenya mbele yetu bila haraka, akala kipande, akatema mbegu juu ya changarawe. "Muangalie wenyewe," akasema. "Huu ni mwezi wa kwanza. Hata koti sikubeba."

Alikuwa katika kitongoji kikubwa cha jangwani huko Arizona, kikubwa kiasi kwamba ukikiita mji hakuna atakayekusahihisha. Hakwenda matembezi. Kaka yetu mkubwa, ambaye wakati huo aliishi Columbus, ndiye aliyemtuma, na nauli tuliichangia sote, ili aone kama familia yetu ingeweza kuhamia huko na kukaa pamoja. Tulipoletwa nchi hii tulitawanywa miji mitatu kama mbegu zilizomwagwa na mtu asiyejali zinaangukia wapi, na kwa miaka yote kaka aliota kutukusanya.

Mama, ambaye aliishi nami, alimtazama mwanawe akila chungwa, akaniomba niirudishe video mwanzo, akaitazama tena. Nilidhani anafurahia kumwona mtoto wake.

Sitaki kumdhulumu kaka yangu katika maandishi haya. Maisha yalikuwa yamemkaba. Nyumba aliyopanga Linden, mtaa wa zamani wa kaskazini-mashariki ya Columbus ambao wengi wetu tuliukimbilia kwa sababu ya kodi nafuu, ilikuwa imeuzwa kwa mwenye nyumba asiyeonekana, na huyo asiyeonekana alijua jambo moja tu, kupandisha. Dirisha la chumba cha watoto lilizibwa kwa nailoni tangu vuli. Gesi ya kupasha nyumba joto ilikula mshahara wa ghalani kabla mshahara haujafika mkononi. Kila aliposhika simu, mtu alikuwa akimweleza kwamba kwa kodi hiyohiyo, huko jangwani, angepata nyumba mpya yenye gereji ya magari mawili na jikoni ambamo watoto wangeweza kukimbizana. Tuliikimbia bunduki; sasa tunaikimbia kodi. Tofauti ni kwamba bunduki tuliisikia ikija.

Lakini sisi ni watu wa nyanda za juu za Kivu ya Kusini, wafugaji, na ikiwa kuna jambo ambalo hatukustahili kulikosea ni kuhama. Baba yetu hakuketi darasani hata siku moja, na hata hivyo hakuhamisha ng'ombe wake bila kumtuma mtu mbele. Mtu huyo hakutumwa wakati wa mvua, maana wakati wa mvua kila kilima ni kijani na kila mwenyeji ni mkarimu. Alitumwa kiangazi kinapokaribia mwisho, majani yamekuwa ya rangi ya mkate na vumbi linapanda hadi magotini mwa mifugo. Akikuta kijito bado kinatiririka, basi hapo palikuwa mahali. Hakuwauliza wanaume wa huko, ambao wangejisifu. Aliwauliza wanawake wanachota maji wapi. Kisha alirudi na konzi ya majani makavu ndani ya mkoba, nayo yakawekwa mbele ya ng'ombe mmoja mzee mwenye kuchagua chakula, ambaye sisi watoto tulimchukia kwa maringo yake. Asipoyala, safari ilivunjika. Baba alikuwa akisema ng'ombe yule ana ubishi wa mama mkwe, ila hajawahi kumdanganya.

Kaka zangu walikulia ndani ya kanuni hiyo. Waliwahi kuachishwa michezo kwa ajili yake, na kaka mkubwa aliwahi kuyabeba majani hayo mwenyewe. Na bado, walipotaka kujua kama jangwa linafaa kuishi, walimtuma mtu Januari. Januari ndiyo masika ya jangwa.

Kikao kilifanyika Jumapili moja baada ya ibada, kwa simu, kila mji ndani ya kidirisha chake. Tulizungumza Kiswahili kwa heshima ya mke wa kaka, mtu wa Fizi, kando ya ziwa, ambaye lugha yetu ya milimani huielewa pale tu inapomsema vibaya. Mdogo wangu alitoa taarifa yake kama mchungaji anayesoma matangazo: vyumba, gereji, maghala yanayotafuta watu, kanisa la watu wetu lenye kwaya, na juu ya yote hakuna theluji ya kuzoa. Alipomaliza nikamwuliza ni nani huko aliyemweleza habari za Julai.

Alicheka, akiniita dada mkubwa kwa neno la kwetu. "Yaya, joto? Sisi si ni Waafrika?"

Nikamjibu kwamba sisi ni Waafrika wa baridi. Kwamba kwetu watu huwasha moto mwezi wa saba. Kwamba tuliposhuka Uvira, ziwani, kwa mara ya kwanza, joto lilitulaza kitandani kama wagonjwa. Mke wa kaka aliangua kicheko, akaniunga mkono bila kukusudia. "Ni kweli kabisa. Banashukaka Uvira asubui, mangaribi banalilia milima."

Kaka hakucheka. "Bon, Mwalimu," akasema, "hapa hatuko mu darasa."

Huitwa Mwalimu pale tu ninapotakiwa kunyamaza. Nilifundisha sekondari kabla ya vita kutuondoa, nilisomea kazi hiyo chuoni Bukavu wakati ambapo wasichana wa kwetu waliofika huko walikuwa wachache, na elimu hiyo hutajwa katika familia kama kovu: jambo la kusikitisha ambalo mtu hulizoea. Kaka akaendelea na shauri lililokwisha kukatwa. Angehama Machi. Mdogo wetu angefuata. Sisi wa Louisville tungekuja tukishauza nyumba yetu. Na mama angetangulia pamoja naye.

"Mutoto wa kwanza njo anabeba mama," akasema. "Mama hawezi kuzeekea kwa mukwe. Donc, tumemaliza."

Simu ilikuwa mezani, mama ameketi kando yake, karibu kiasi cha kusikika akipumua. Hakuna aliyemwuliza. Jikoni mume wangu, ambaye ndiye huyo mkwe, aliacha kuosha kikombe, kisha akaendelea kukiosha.

Ni lazima nieleze mume wangu alikuwa amefanya nini, maana hasira yangu isingekuwa kubwa hivi bila mlango ule. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kuepukana. Hawali pamoja, hawakutani njiani ovyo. Mama alipokuja kukaa nasi Beechmont, kusini mwa Louisville, katika nyumba tunayoilipia mkopo, mume wangu alitoboa ukuta wa chumba cha nyuma, akaweka mlango na ngazi fupi ya mbao, ili mama atoke na kuingia bila kumkuta yeye akila. Alifanya kazi hiyo kwa mikono yake, akitoka kiwandani, hadi kikaonekana kitu cha fahari. Mlango huo ulifungukia majanini. Na hapo majanini, kila alfajiri, mama aliomba.

Mama huomba nje, miguu mitupu. Alitoka na desturi hiyo kwenye vilima vya maombi vya kwetu, ambako viatu huachwa chini na mtu hupanda na nyayo zake tu. Wakati wa baridi alisimama juu ya kipande cha zulia kuukuu, soksi ndani ya mfuko wa koti, nami dirishani nikimgombeza kama mtoto. Alinijibu mara moja tu: kwamba Mungu alimwambia Musa avue viatu, hakumwambia asubiri hali ya hewa.

Baada ya maombi alitembea. Watu wanaohesabu gharama ya maisha hawalihesabu jambo hili, na kwa hiyo hesabu zao zote ni uongo. Alikwenda kwa miguu hadi duka la Mrundi anayeuza dagaa na unga wa muhogo, na akitoka huko aliketi kwenye benchi la kituo cha basi, si kwa kusafiri, bali kwa kusalimu. Madereva walimjua. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kivietinamu ambaye alibadilishana naye mboga juu ya uzio. Hawakuwa na hata neno moja la pamoja, na walikuwa wakisengenya majirani vizuri sana kwa macho. Mama hana leseni, hana Kiingereza, hana mshahara. Alikuwa na miguu, na mtaa ambao miguu ilitosha. Mtu aniambie hiyo ni kodi ya dola ngapi.

Mwezi wa Machi nilimpeleka Columbus. Nyumba ya Linden ilikuwa imekwisha kuwa maboksi. Kaka alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu ujana wetu, na kusema kweli ilinichoma, kwa sababu nilitamani kuifurahia. Alilichukua koleo la theluji, akalibeba mabegani kama jeneza, watoto wakimfuata wakiimba, akalitupa kwenye pipa la taka. Kisha akatangaza kwamba makoti yote yaachwe. Yalirundikwa ukumbini ili kanisa liwagawie wageni wapya. Mama alichutama mbele ya rundo, akalitafuta lake hadi akalipata, akalikunja, akalitia mkobani.

"Mama, koti la nini kule?" kaka akamwuliza, akitabasamu.

"Koti haliombi chakula," mama akasema.

Gari la mizigo likiwa tayari kuondoka, mdogo wetu alipiga simu kutoka Buffalo kuwatakia safari njema, na ndani ya salamu hizo akapenyeza kwamba yeye atakuja nyuma. Mke wake alikuwa amepandishwa cheo katika kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, watoto wamezoea shule, bon, tuone mwaka ujao. Kaka alimwitikia kwa upole. Mimi nilikuwa nimeshika godoro upande mmoja, na nilitamani kulitupa. Mtu aliyekula chungwa mbele yetu sote, mtu aliyetumwa kuyaona malisho, alikuwa anawaswaga wenzake mbele huku yeye amekaa.

Nilipowapigia simu majuma ya kwanza, walinionyesha jikoni. Kufikia Mei walinionyesha sebule, mapazia yamefungwa mchana. Mama alipoulizwa hali yake alisema, "Nipo." Kwa lugha yetu neno hilo ni jibu la mtu anayengoja. Nilimwuliza anatembea wapi. Akaniambia barabara ni pana na safi, kuta ni ndefu na zina rangi ya udongo, na tangu afike amesalimiana na mtu mmoja, mleta vifurushi, ambaye alikuwa anakimbia.

Mimi hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nawalisha, nawageuza, nawafuta midomo. Mama za watu wengine wamekuwa wakizeekea mikononi mwangu kwa mshahara wa saa, wakati mama yangu mwenyewe alikuwa ameondolewa kwangu kwa sababu ya heshima. Nilikuwa kazini, kijiko cha uji mkononi, mke wa kaka aliponipigia mwezi wa saba. Alilia kwanza. Ilinibidi nimkaripie ili aseme.

Ilikuwa hivi. Mchana huo watu wazima wote walikuwa kazini, na binti yao alikuwa chumbani kwake, masikio yamezibwa kwa muziki. Mama alipokea ujumbe wa sauti kutoka nyumbani: mifugo ya ndugu zetu imeporwa, kijiji cha dada yake kimechomwa. Alifanya alilofanya maisha yake yote. Alifungua mlango wa nyuma, akaacha viatu kizingitini, akatoka kwenda kuomba. Hadi siku hiyo alikuwa ameomba uani alfajiri tu, kabla jua halijatoka, na hakujua saruji ile huwa nini saa nane mchana. Aliazimia kufika ukutani, palipokuwa na ukanda wa kivuli. Kilio kilikuwa kimemjaa, na kwa hatua za mwanzo hakuhisi lolote. Alipotambua, alikuwa katikati, na kurudi kulikuwa mbali sawa na kwenda.

Binti alisikia akiita, akatoka, akambeba. Namshukuru mtoto huyo hadi leo. Aliponieleza alinieleza kwa Kiingereza, kama afanyavyo siku zote, isipokuwa jina moja alilolirudia kwa lugha yetu: Nyogokuru, Nyogokuru. Bibi, Bibi.

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda ndege. Sitaki kulieleza joto lile sana, kwa sababu wanaolieleza hulifanya liwe kama ushujaa. Nitasema tu kwamba kaka alishika usukani wa gari kwa taulo, na kwamba jikoni nilifungua bomba la maji baridi nikangoja yapoe, nayo hayakupoa. Nyumba ilikuwa kubwa kama alivyosema. Ilikuwa nzuri. Picha zake hazikuwa za uongo. Ila ndani yake watu wote walikuwa wamejikunyata kwenye chumba kimoja, maana kaka alikuwa amekataza kipoza hewa kisiwashwe mchana kwa nguvu. Bili ya umeme ya mwezi uliotangulia ilikuwa imemeza kila kitu ambacho kodi ilikiokoa. Nje yalisimama magari mawili ya mkopo, kwa kuwa kila ghala liko upande wake wa jangwa na hakuna basi linalopita hapo. Mke wa kaka aliniambia kwamba wao wawili hukutana siku hizi kama wakwe, mmoja akitoka mwingine akiingia.

Mama alikuwa kitandani, nyayo zimefungwa bendeji nyeupe. Aliniuliza kama bibi wa Kivietinamu hajambo.

Nilimfuata kaka gerejini, ambako alikuwa amejitia kutafuta kitu. Sikupaza sauti, wale waliofundisha hujua kwamba sauti ya chini huumiza zaidi. Nilimwambia kwamba mtoto wa baba yetu, mtoto aliyeyabeba yale majani makavu mkobani kwa mikono yake, hawezi kuniambia hakujua. Malisho huchunguzwa kiangazi.

Aliketi juu ya boksi ambalo lilikuwa halijafunguliwa tangu Columbus.

"Nilijua, dada," akasema. "Nilijua vizuri. Lakini kama ningetuma mutu mu joto, hakuna mwenye angekubali tuhame. Na kule Linden walikuwa bananitoa. Ningepeleka watoto wapi?"

Nimeligeuza jibu hilo mara nyingi, na kila upande lina makali. Kama angekosea kwa ujinga ningemsamehe siku ileile. Lakini alijua, na alifunika alichokijua, kwa sababu alikuwa amebanwa ukutani na alihitaji mahali popote pa kwenda pawe Kanani. Na nani aliyembana? Humpati umtukane. Nimewahi kukaa mbele ya watu wenye silaha wakituamuru tuondoke, na uso wa mmoja wao naukumbuka hata leo. Uso wa aliyemwondoa kaka yangu Linden sijauona. Ndiyo sababu hasira yote ilimwendea yeye, aliyekuwa na uso, aliyekuwa ameketi mbele yangu juu ya boksi, jasho likimdondoka kidevuni.

Nikamwambia namchukua mama.

"Utamuchukua aje? Watu watasema nini? Kama nilishindwa kumulinda, nikamurudisha kwa mukwe?"

Mke wake, mlangoni, alimwambia kwamba watu hao wasemao waje walipe umeme. Ni mara pekee niliyocheka katika nyumba hiyo.

Tulirudi chumbani sote watatu tukibishana, kila mmoja akisema juu ya mama, hadi mama alipoinua mkono wake.

"Je," akauliza, "kuna mtu ataniuliza mimi?"

Basi akajijibu mwenyewe, kwa utaratibu, kama mtu ambaye neno hili alikuwa nalo tangu siku ya chungwa. Alisema atarudi Louisville. Lakini hatarudi sasa. Akirudi sasa, watu watasema bibi amelikimbia jua, na aibu itamwangukia mwanawe, ambaye tayari ana mzigo wa kumtosha. Atarudi Januari. Mtu akipaendea mahali wakati mahali hapo ni pabaya kuliko nyakati zote, hakuna awezaye kusema amefukuzwa; amepachagua mwenyewe. "Baba yenu angeelewa," akasema, na hilo likafunga mjadala, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyeweza kupinga kwamba angeelewa.

Nilipinga hata hivyo. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia kwamba heshima ya mwanamume mzima hailipwi kwa nyayo za mama yake. Kwamba kati ya Julai na Januari kuna mapazia mengi ya kufungwa. Kwamba mlango wake uko pale, na majani. Alinipapasa kichwa. Aliniambia nina akili sana na kwamba nipunguze kelele. Nikapanda ndege peke yangu, na njia nzima nilikuwa na hasira na mwanamke niliyemwendea kumwokoa.

Mwezi wa kumi tulikuwa na harusi Buffalo, nami nikafikia kwa mdogo wangu, katika nyumba yake ya ghorofa ya juu huko North Buffalo, barabara yenye miti mirefu iliyokuwa imeshika rangi ya moto. Alinikaribisha vizuri mno. Asubuhi, tukinywa chai, nikamwuliza swali lile ambalo baba angemwuliza: aliwauliza wanawake wa huko nini?

Alitazama kikombe chake. "Yaya, mimi nilifikia kwa vijana. Wanawake hawakukuwako."

"Na machungwa?"

"Yalikuwa ya jirani." Kisha, akijitetea, "Lakini ile video haikudanganya. Kila kitu ulichoona kilikuwa pale."

Ni kweli. Hakuna lililokuwa la uongo: shati, jua, mti, utamu. Nilimwambia kwamba angemletea yule ng'ombe mzee chungwa lile, ng'ombe angelila na sisi tungepotea vilevile. Mke wake, ambaye hakuwahi kumwona ng'ombe huyo, alicheka hadi akatokwa machozi. Mdogo wangu hakucheka, na hilo lilinitosha kidogo. Lakini nilipoondoka bado alikuwa anaishi mahali alipopachagua, karibu na basi na shule, na kaka yangu bado alikuwa kule alikomchagulia.

Januari mama alirudi. Kaka alimleta mwenyewe, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa sehemu ya mapatano: arudishwe na mwanawe, mbele ya watu, si kuchukuliwa na binti. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Mama alishuka garini ndani ya koti lake, vifungo vyote vimefungwa. Kaka alikuwa na sweta jepesi. Koti lake lilibaki katika lile rundo la Linden. Mume wangu aliliona hilo kabla yangu. Alivua la kwake akamvisha shemeji yake, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kwenda kuzoa theluji mlangoni pa mama, na mimi nikasimama kati yao nikiwa sijui nimshukuru nani au nimlaani nani.

Kaka alikaa nasi kidogo, akala, akaondoka. Hatarudi kuishi huku. Mkataba wa nyumba, magari, shule, vyote vimemshika. Mlangoni alisema kwamba sasa hivi kule ni pazuri, laiti tungepaona. Kodi inapanda hapa Beechmont pia, na majirani wawili wamekwisha kuanza kutazama video za machungwa.

Asubuhi iliyofuata niliusikia mlango wa nyuma. Nilikwenda dirishani kama zamani, maneno ya kumgombeza yakiwa tayari mdomoni. Mama alikuwa ametandika kile kipande cha zulia juu ya theluji, amesimama juu yake, mikono imeinuliwa. Miguuni alikuwa amevaa viatu. Kamba zilikuwa zimefungwa kwa mafundo mawilimawili, kama afungwavyo mtoto asije akavivua.

Miaka yote ile nilimwomba avivae. Sasa nilitaka kufungua dirisha na kumpigia kelele avivue.